Alexandria, Virginia: Namna ya Kuutembea Mji Mkongwe, Kutoka Kilimani Hadi Mtoni

Alexandria uko ukingo wa magharibi wa mto Potomac, kilomita kama 10 kusini mwa katikati ya Washington. Kiutawala ni jiji linalojitegemea, haliko chini ya kaunti yoyote. Kimaisha ni kitongoji cha Washington, kwani kila asubuhi wakazi wengi hupanda treni kwenda kazini upande wa pili wa mto. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 159,467.

Mgeni wa kawaida hushukia mtoni, akala aiskrimu, akapiga picha boti, akaondoka. Mwongozo huu unakwenda kinyume: unaanzia juu, Duke Street, na kuteremka mpaka majini. Anayeanzia mtoni huziona nyumba nzuri bila kujua zilijengwa kwa fedha ya nani. Anayeanzia juu huyajua hayo kabla hajaziona.

Matembezi yote ni kilomita 6 hivi, bila kuhesabu kuzunguka ndani ya makumbusho. Tenga saa sita au saba.

Kabla ya safari

Hakikisha kwanza unakokwenda ni Alexandria yenyewe. Posta ya Marekani hutumia jina hilo hata kwa maeneo makubwa ya Kaunti ya Fairfax yaliyo nje ya mpaka wa jiji. Hoteli inaweza kuandika "Alexandria, VA" kwenye anwani yake na bado ikawa mwendo mrefu wa gari kutoka Mji Mkongwe, unaoitwa Old Town. Kabla ya kulipia chumba, pima umbali wake hadi kituo cha Metro cha King St–Old Town. Usitegemee jina la mji peke yake.

Siku bora ni Jumamosi. Makumbusho madogo ya jiji mengi hufungwa siku kadhaa katikati ya wiki, na saa zake hubadilika kwa msimu, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya jiji usiku wa kuamkia safari. Jumamosi pia ndiyo siku ya soko la wakulima la Market Square, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 6 mchana. (Vibao vya kule vitaandika 7 hadi 12, wao huhesabu kuanzia usiku wa manane.) Soko hilo limekuwapo tangu 1753.

Hapo ratiba inagongana kidogo. Soko hufungwa adhuhuri, na makumbusho ya Duke Street hayafunguliwi mapema. Ukilitaka soko, litangulize: fika kabla ya saa 3 asubuhi mboga na mikate mizuri haijaisha, kisha panda basi urudi juu, uanze safari. Usipolitaka, anza moja kwa moja hatua ya kwanza.

Vaa viatu bapa vyenye soli inayoshika. Njia za waendao kwa miguu ni za matofali, mizizi ya miti imeyainua huku na huku, na mvua ikinyesha huteleza. Julai na Agosti joto lake ni la unyevu mzito, kwa hiyo beba maji. Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ya kutembea kwa raha.

Jifunze kusoma anwani

Ukielewa jambo hili, ramani ya simu utaihitaji mara chache. Mji ulianzishwa 1749 na barabara zake zikachorwa kwa pembe mraba, kama ubao wa bao. King Street inatoka kilimani hadi mtoni na kuugawa mji sehemu mbili: kila barabara inayoikata huwa N upande wa kaskazini na S upande wa kusini. Namba za nyumba kwenye barabara zinazoelekea mtoni huanzia majini. Namba za 100 ziko hatua chache tu kutoka kwenye maji, na kila mtaa mmoja unaopanda huongeza mia. Nyumba namba 1315 ya Duke Street basi iko mitaa kumi na mitatu juu ya mto. Vivyo hivyo 134 N Royal ni mtaa wa kwanza kaskazini mwa King, na 1001 S Washington ni mitaa kumi kusini mwake.

Kosa la kawaida ni kuiacha herufi. Anayetafuta 105 Fairfax bila kujua kama ni N au S anaweza kupoteza dakika kumi akizunguka, na walio na haraka huishia kulaumu simu.

Majina yenyewe yana historia. King, Queen, Prince, Princess, Duke, Royal: Wamarekani waliupindua ufalme, lakini hapa vibao vya barabara havikuguswa. Oronoco Street ina jina la aina ya tumbaku. Ghala la tumbaku lilikuwa mwisho wake, na ghala hilo ndilo lililozaa mji.

Hatua ya 1: Kufika

Panda treni ya Metro, laini ya Njano inayoelekea Huntington au ya Buluu inayoelekea Franconia-Springfield, ushuke King St–Old Town. Kutoka uwanja wa ndege wa Reagan ni kituo cha tatu: kwanza Potomac Yard, kisha Braddock Road, halafu King St. Usishuke Potomac Yard. Kilifunguliwa 2023 palipokuwa na karakana kubwa ya reli, na kutoka hapo hadi Mji Mkongwe bado ni mbali.

Gari binafsi ni usumbufu. Maegesho ya barabarani yana kikomo cha saa chache na faini zake hazina msamaha, na gereji za chini ya ardhi hujaa Jumamosi. Mabasi ya jiji, yaitwayo DASH, ni bure kwa kila mtu tangu Septemba 2021. Kuna pia basi lenye umbo la tramu ya zamani linalopita King Street kati ya kituo na mto, nalo bure, ila huanza kazi asubuhi ikiwa imeshakwenda.

Ukitoka kituoni utaona mnara mkubwa kilimani, wenye urefu wa mita 101. Huo ni ukumbusho wa Wamasoni (chama cha kindugu) kwa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, uliozinduliwa 1932. Juu kuna roshani inayoonyesha mto wote, lakini ziara yake ni ya kulipia na inakula saa nzima. Kwa siku moja, uache.

Hatua ya 2: Duke Street

Fuata Diagonal Road kuelekea kusini mpaka ikutane na Duke Street, kisha geuka kushoto. Kwenye namba za 1700 kuna sanamu ya shaba ya wasichana wawili, Mary na Emily Edmonson. Aprili 1848 walikuwa miongoni mwa watu 77 waliojaribu kutoroka Washington kwa merikebu iitwayo Pearl. Walikamatwa, wakaletwa kwenye gereza la mfanyabiashara wa watumwa Joseph Bruin, hapo namba 1707. Mwaka huohuo uhuru wao ulinunuliwa kwa fedha iliyochangwa, mchango uliosukumwa na mhubiri Henry Ward Beecher.

Teremka mitaa minne hadi namba 1315. Jengo ni la matofali, la ghorofa tatu, na usipokuwa makini utalipita. Kuanzia 1828 lilikuwa makao ya Franklin and Armfield, kampuni iliyokuja kuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa watu nchini Marekani. Virginia ilikuwa imechoka kwa tumbaku, udongo umepungua rutuba, na wakati uleule pamba ya kusini ilikuwa inadai mikono. Kampuni ilinunua watu huku, ikawakusanya kwenye ua nyuma ya nyumba hii, kisha ikawapeleka New Orleans kwa merikebu zake, au Natchez, Mississippi, kwa misafara ya miguu ya wiki nyingi, watu wakiwa wamefungwa minyororo. Katikati ya miaka ya 1830 idadi yao ilizidi 1,000 kwa mwaka. Baada ya Franklin and Armfield wafanyabiashara wengine wakapokezana jengo, hadi majeshi ya serikali ya Muungano, yaani upande wa kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yalipoingia mjini tarehe 24 Mei 1861.

Jiji lililinunua jengo 2020 na sasa ni makumbusho ya Freedom House. Tenga saa moja na nusu. Anza ghorofa ya chini, uisome kwa utulivu, maana orodha za majina na bei ndizo kiini chake na wengi huziruka wakikimbilia juu. Kwa watoto wadogo ni pazito, kwa hiyo mzazi atangulie kuona. Ukikuta pamefungwa, jengo kwa nje na sanamu ya akina Edmonson bado vinatosha kuipa hatua hii uzito wake.

Nyuma ya hapo, upande wa Prince Street, 1864 palijengwa hospitali ya askari Weusi iliyopewa jina la Toussaint L'Ouverture, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa wa Haiti. Ikumbuke, itarudi kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Ukumbi wa vitabu na kanisa

Rudi King Street, shuka hadi Washington Street. Kona moja kaskazini, namba 118 N Washington, ni Christ Church, lililokamilika 1773. George Washington alikuwa na kiti chake cha familia humo. Wenyeji watakuonyesha, ndani hapahitaji zaidi ya robo saa.

Kinachopitwa bure ni maktaba iliyo karibu, 717 Queen Street, ambayo zamani ilikuwa ya Wazungu tu. Tarehe 21 Agosti 1939, vijana watano Weusi waliingia mmoja mmoja wakaomba kadi za uanachama. Walipokataliwa, kila mmoja alichukua kitabu rafuni, akaketi meza yake, akaanza kusoma kimya. Polisi wakaitwa. Mpango huo ulipangwa na wakili wa hapahapa mjini, Samuel Wilbert Tucker, miaka 21 kabla ya migomo ya kuketi ya 1960, ya kupinga ubaguzi wa rangi, inayojulikana zaidi. Jiji halikufungua milango ya maktaba. Lilijenga nyingine ndogo kwa ajili ya Weusi mwaka 1940, na Tucker akakataa kuchukua kadi yake. Maktaba ile ndogo leo ni makumbusho ya historia ya Weusi, 902 Wythe Street. Ni mitaa minne kaskazini na miwili juu, inafaa kwa mwenye siku ya pili.

Ukishuka Queen Street, itazame nyumba namba 523. Upana wake ni mita 2 na kidogo. Mwenye nyumba za kando, John Hollensbury, aliijenga 1830 kuziba kichochoro, akiwa amechoshwa na mikokoteni na watu wa kupigapiga soga. Humo wanaishi watu. Piga picha ukiwa ng'ambo ya barabara.

Hatua ya 4: Katikati ya mji wa zamani

Kona ya Royal na Cameron kuna Gadsby's Tavern, majengo mawili, moja la 1785 hivi na jingine la 1792. Washington alihudhuria humo dhifa za siku yake ya kuzaliwa. Kama hutaki kulipa kiingilio, chungulia kioo kilicho kando ya njia hapo konani: chini yake ni kisima cha barafu. Barafu ilikatwa mtoni wakati wa baridi, ikashindiliwa humo, ikatumika hadi kiangazi.

Mtaa mmoja chini, 121 N Fairfax, ni nyumba ya mawe ya John Carlyle, mfanyabiashara kutoka Uskoti, iliyomalizika 1753. Mwaka 1755 Jenerali Braddock wa jeshi la Uingereza alikutana humo na magavana watano wa makoloni kupanga vita dhidi ya Wafaransa, na fedha ya vita ndiyo iliyowatatiza. Jiulize kwa nini tajiri wa bandari alijenga mbali na maji hivi. Hakujenga mbali. Ukingo ulikuwa karibu na ua wake, na sehemu kubwa ya ulichobakiza kutembea hadi mtoni imefukiwa na watu.

Kisha vuka King Street hadi duka la dawa la Stabler-Leadbeater, 105 S Fairfax. Ukiwa na nafasi ya kulipia mahali pamoja tu upande huu wa chini, lipia hapa. Familia moja ya Waquaker (dhehebu la Kikristo) iliendesha biashara hiyo kuanzia 1792, na ilipofilisika 1933 vitu vikabaki mahali pake: chupa, mizani, droo za mitishamba zenye majina yake, na barua ya 1802 inayoagiza mafuta ya mbono kwa ajili ya Martha, mke wa George Washington. Ghorofa ya juu huonyeshwa na mwongozaji peke yake, kwa hiyo uliza mlangoni zamu inayofuata ni saa ngapi kabla ya kulipa. Wanaoishia chini hukosa sehemu nzuri zaidi.

Kula kabla ya kuendelea. Bei ya menyu si bei utakayolipa: kodi ya mauzo ni asilimia 6 na jiji huongeza asilimia 5 ya chakula. Sahani ya dola 20 huwa dola 22.20, na mhudumu hutarajia bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 juu yake. Mfuko wa plastiki dukani ni senti 5 za kodi.

Hatua ya 5: Majini

Shuka King Street. Lee Street zamani iliitwa Water Street, yaani barabara ya majini, nayo leo haioni maji. Mji ulianza juu ya genge lililozunguka ghuba yenye tope, ambamo merikebu kubwa hazikuweza kusogea. Wenye viwanja wakafukia kina kifupi mpaka wakafikia kina kirefu. Walitumia magogo, udongo, takataka, hata merikebu kuukuu zilizozamishwa kuwa kuta za kushikilia kifusi. Wajenzi wa hoteli waliikuta moja mwishoni mwa 2015, na 2018 zikaonekana nyingine tatu kwenye kiwanja cha karibu.

Hii ndiyo sababu mwisho wa King Street hufurika hata siku isiyo na mvua. Potomac hapa bado hujaa na kupwa kama bahari. Wakati wa bamvua, upepo wa kusini ukisukuma maji, yanatokea kwenye mifereji ya barabarani na kuikalia Union Street. Tazama jedwali la maji kujaa kabla ya kwenda. Yakiwa yamejaa, ingia kwa kupitia Cameron Street.

Jengo refu la 105 N Union ni kiwanda cha zamani cha torpedo, yaani makombora ya kupita chini ya maji. Ujenzi wake ulianza tarehe 12 Novemba 1918, siku moja baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha, jambo ambalo wenyeji hulisimulia wakicheka. Kazi kubwa ilikuja Vita vya Pili, torpedo aina ya Mark 14. Miezi ya mwanzo ya vita silaha hiyo ilisifika kwa ubovu: ilipita chini mno na vilipuzi vyake viligoma. Tangu 1974 jengo ni karakana za wasanii, kiingilio bure, na vyoo vipo. Wengi huishia ghorofa ya chini. Panda ya tatu, kuna makumbusho ya akiolojia ya mji, na pengine utawakuta wanasafisha vipande vya vyungu mbele yako.

Prince Street, mtaa wa 100, bado ina mawe ya mviringo. Hadithi ya kwamba yalipangwa na mateka wa vita wa Kijerumani haina ushahidi. Teremka ukiwa pembeni, kifundo cha mguu huteguka kirahisi hapo.

Hatua ya 6: Kusini

Wengi hurudi hapa, na ndipo wanapokosea. Fuata ukingo wa mto kuelekea kusini kwa kilomita moja na nusu hivi hadi Jones Point, chini ya daraja la Woodrow Wilson. Pale kuna mnara mdogo wa taa uliowashwa 1856 na, kwenye ukuta wa kuzuia maji mbele yake, jiwe la kwanza la mpaka wa wilaya ya mji mkuu. Liliwekwa tarehe 15 Aprili 1791. Vipimo vya nyota vilisaidiwa na Benjamin Banneker, Mweusi huru wa Maryland aliyejifundisha elimu ya anga mwenyewe.

Jiwe hilo ni ufunguo wa mambo ya Duke Street. Wilaya ilikuwa mraba wa kilomita 16 kila upande, na Alexandria ukawa ndani yake. Lakini Bunge lilikataza majengo ya serikali upande huu wa mto, basi mji haukufaidi. Wafanyabiashara wa watumwa nao waliogopa Bunge lingepiga marufuku biashara yao ndani ya wilaya. Mwaka 1846 Bunge liliridhia kurudisha upande huu kwa Virginia, na 1847 Virginia ikaupokea. Marufuku ilikuja Washington 1850, na namba 1315 ikaendelea na kazi kwa miaka kumi na moja zaidi.

Kutoka Jones Point fuata njia chini ya daraja kuelekea magharibi hadi 1001 S Washington Street. Ni makaburi ya watu waliokimbia utumwa wakaja kwa majeshi ya Muungano, ambayo kisheria yaliwahesabu kuwa mali ya adui iliyotekwa. Watu kama 1,700 walizikwa hapo kati ya 1864 na 1869. Mwaka 1955 kituo cha mafuta kilijengwa juu yao, na ukumbusho uliopo ulizinduliwa 2014. Soma majina ukutani pamoja na umri: watoto ni wengi mno. Askari Weusi nao walianza kuzikwa hapa, lakini Desemba 1864 wenzao 443 waliolazwa hospitali ya L'Ouverture walitia saini madai ya kuzikwa kama askari wengine. Wakashinda, na miili ikahamishiwa makaburi ya jeshi ya Wilkes Street.

Kurudi

Kwenye Washington Street panda DASH kuelekea kaskazini, bure, urudi King Street. Mwenye nguvu akodishe baiskeli ya jiji afuate Mount Vernon Trail kando ya mto: kaskazini inapita uwanja wa ndege, kusini kilomita kama 14 hadi Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington. Boti za kwenda Georgetown na The Wharf, mjini Washington, huondokea gati la nyuma ya kiwanda cha torpedo, lakini husimama wakati wa baridi, na ya mwisho ya jioni huwahi kujaa. Nunua tiketi yake mchana, ukiwa bado kwenye hatua ya 5.